Pampu Mpya kwa Gari la Mjomba

Kwetu binti haondoki kwao kwa gari la kukodi. Anaondoka kwa chombo cha mjomba wake, kiwe baiskeli au trekta, na mjomba mwenyewe ndiye anayekiendesha. Sijui desturi hii ilianza lini, wala kama koo nyingine za Handeni zinaifuata. Ninachojua ni kwamba mwaka huu zamu ilikuwa yangu: binti wa dada yangu alikuwa anaolewa Mazinde, na chombo cha mjomba kilikuwa kinavuja maji.

Kilichovuja ni pampu ya maji, kile kidude cha mbele ya injini kinachosukuma maji yazunguke ili injini isichemke. Pampu ikifa njiani gari linasimama, na ukilazimisha kwenda, injini nayo inakufa. Pikapu yangu ni ya zamani. Nimeishi nayo muda mrefu kuliko wazo lolote nililolipata chuo kikuu, na kusema kweli imenifikisha mbali zaidi.

Kwa muda huo wote nimejijengea nadharia ya spea, maana mtu wa aina yangu hawezi kubadilisha hata balbu bila nadharia. Vitu vya breki na usukani nanunua orijino, na isipopatikana gari linalala. Sibishani na mtu juu ya hilo. Vitu ambavyo vikiharibika nitachekwa tu, naweka chochote. Kitasa cha mlango wangu wa kushoto kimetoka kwenye gari la aina nyingine kabisa. Ukitaka kutoka unakivuta kwenda juu kama unang'oa muhogo. Tatizo ni zile spea za katikati, zile ambazo zikikataa huumii ila unabaki njiani. Huko ndiko watu wenye akili zao wanagombana. Pampu ya maji iko huko.

Safari hii nadharia peke yake isingetosha, kwa sababu ya dada.

Dada yangu ni mkubwa kwangu, anaishi Kwamsisi, na aliolewa akiwa amepanda juu ya magunia ya mkaa. Hakupanga. Siku ya harusi yake mjomba wetu alikuja na gari lake kumchukua, na kabla hawajaondoka mkanda wa feni ukakatika. Mjomba alikuwa amefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge ujana wake wote, na aliamini katani kuliko alivyoamini chuma. Akasokota kamba ya katani, akaifunga mahali pa mkanda, akawasha, feni ikazunguka, watu wakapiga vigelegele. Kamba ilidumu mpaka katikati ya pori, baada ya kupita Mkata. Hapo ikapata moto, ikatoa harufu ya gunia linaloungua, ikaisha. Gari lililopita baada ya hapo lilikuwa lori la mkaa. Dada akafika ukweni Kwamsisi akiwa na weusi mpaka kwenye kope. Mpaka leo mawifi zake wakimpigia simu wanaanza hivi: "Mkaa, hujambo?"

Kwa hiyo haikunishangaza aliponipigia.

"Mjomba wao, nasikia gari linavuja."

"Nani kakwambia?"

"Umeacha madimbwi toka msikitini mpaka sokoni, halafu unauliza nani kaniambia? Weka orijino."

"Dada, orijino mpya inaagizwa Dar. Itafika harusi imeshaisha."

"Basi kaitafute iliko. Mwanangu hapandi mkaa."

Akakata simu. Dada akishatoa agizo huwa hasubiri maoni.

Fundi wangu tulisoma naye shule ya msingi, kwa hiyo hana heshima nami hata kidogo. Ananiita Profesa, cheo ambacho chuo chenyewe hakikuwahi kufikiria kunipa.

"Profesa, nenda Korogwe," alisema. "Yupo jamaa anauza vya mtumba. Ana pampu orijino, imetolewa kwenye gari lililopata ajali."

"Hapa dukani si zipo mpya?"

"Hizo si orijino."

"Lakini ni mpya."

"Na mimi nikivaa suti mpya nitakuwa mkuu wa wilaya?"

Nilikwenda Korogwe, kwanza kwa sababu dada alikuwa amesema orijino, na pili kwa sababu nina udhaifu wa jina. Nataka kitu kilichotengenezwa na waliotengeneza gari. Huo ni ugonjwa wa waliosoma: tunapenda kujua kitu kimenukuliwa wapi.

Yule jamaa alikuwa na uwanja uliojaa boneti, milango na injini zilizolala ubavu. Akaitoa pampu kwenye ndoo, akaipangusa kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, akanikabidhi kwa mikono miwili kana kwamba ananipa mtoto.

"Orijino kabisa hii, mzee wangu. Imetoka kwenye gari la padri. Lilikuwa linakwenda kanisani na kurudi, basi."

"Taa ulizoniuzia mwaka jana nazo zilikuwa za gari la padri."

"Ni padri yuleyule."

"Alikuwa na magari mangapi huyo padri?"

"Mungu alimbariki, mzee wangu."

Nikazungusha puli kwa kidole. Ilizunguka, ila kwa kukwaruza kidogo, kama meno yanapokutana na mchanga kwenye mchicha. Nikaipindua. Chini yake kuna tundu dogo ambalo maji hutokea pale mpira wa ndani unapochoka, na kuanzia kwenye tundu hilo ulishuka mstari mweupe uliokauka. Kiwandani ilikotoka sikuwa na shaka nako. Lakini ilikuwa imeshafanya kazi yake yote kwa mtu mwingine, padri au si padri. Chuma kizito cha nje kinaweza kukaa miaka na miaka. Mpira na beringi za ndani vinazeeka kama sisi, na jina zuri haliwezi kuvirudisha ujana.

Jamaa aliona nasita. Akaingia kibandani, akatoka na boksi.

"Nakupa na boksi lake."

Boksi lilikuwa limenyooka, linang'aa, na lilikuwa jipya kuliko chochote uwanjani pale, mwenye uwanja akiwemo. Kwetu boksi lina soko lake; kuna watu huku wanalipanga juu ya kabati la sebuleni karibu na picha za mahafali. Nilijua kuwa lingemtuliza dada. Ila dada hangesafiri kwa boksi, angesafiri kwa pampu. Nikamshukuru yule jamaa, nikamwachia pampu ya padri, nikarudi Handeni taratibu, nikisimama kila mara kuongeza maji.

Uamuzi nilikuwa nimeshaufanya kabla sijafika. Hiyo safari ilikuwa ya kutoka Kwamsisi kwa njia ya vumbi hadi Mkata, kisha lami ya Segera, Korogwe, Mombo, hadi Mazinde, gari limejaa wanawake wanaoimba. Kwa safari kama hiyo, mpya iliyotengenezwa vizuri na watu nisiowajua ilikuwa bora kuliko orijino iliyochoka. Neno la kushika hapo ni vizuri. Nikaenda dukani, nikamwomba mama mwenye duka anitolee pampu zote za gari langu alizonazo. Nikazipanga juu ya kaunta, nikazipima uzito mkononi, nikazungusha moja moja karibu na sikio, nikapitisha ukucha kwenye uso unaokaa gasketi.

"Baba, unachagua pampu au mchumba?" aliniuliza.

"Mchumba nilichagua haraka zaidi."

"Ndiyo maana mkeo anakuja huku kununua plagi mwenyewe."

Zipo zilizokuwa na chuma chepesi chenye vitundu, mithili ya mkate uliokosa hamira. Moja ilikuwa nzito, laini, na ilizunguka bila kusema neno. Nikaichukua hiyo. Fundi aliifunga akiwa amenuna, akabadilisha pia mipira ya kupitishia maji kwa amri yangu, kisha akatangaza kwa gereji nzima: "Ikikataa, msiseme fundi wake nani!"

Dada alikuja Handeni kununua vyombo vya binti, nikamweleza yote bila kuficha. Alinisikiliza akiwa amekunja mikono.

"Kwa hiyo hukuweka orijino."

"Sikuweka."

"Una hakika?"

"Nina hakika. Lakini usinisikilize mimi. Twende Lutindi."

Spea isiyo na jina lazima ipewe mtihani, na huku kwetu hakuna mtihani kama kupanda Lutindi na mzigo. Tukapakia viroba vya mchanga, tukajaza dumu moja la maji kwa tahadhari, dada akakaa mbele. Hakuangalia milima wala migomba. Aliangalia mshale wa joto njia nzima, kama mtu anayesubiri mtoto atoke chumba cha upasuaji.

"Umepanda," alisema tulipofika kwenye kona kali.

"Kidogo."

"Umepanda, mjomba wao!"

Nikarudisha gia, nikaacha injini ivute taratibu. Mshale ukasimama, ukafikiri, ukarudi mahali pake. Dada akaachia mshikio wa mlango ambao hakuwa amejua kuwa ameushika.

Huko juu tulisimama. Bibi mmoja aliyekuwa anapita na mzigo wa kuni alichungulia nyuma ya gari.

"Shikamoo bibi," tukasema.

"Marahaba. Mnauza mchanga?"

"Hapana bibi, tunautembeza tu."

"Na huku juu mchanga upo," alisema kwa huruma, akaenda zake.

Dada alicheka mpaka akakaa juu ya jiwe. Nikafungua boneti, nikatoa leso yangu nyeupe ili nipanguse chini ya pampu. Akaninyang'anya, akapangusa mwenyewe. Leso ikatoka na vumbi lakini kavu. Akaiangalia mbele na nyuma.

"Unajua, kuchekwa hakukunisumbua sana," alisema bila mimi kumuuliza. "Walicheka nikacheka. Ila siku ile niliingia kwa watu nimeinama, natafuta pa kuficha uso. Walinizoea hivyo. Ilinichukua muda mrefu kuwazoesha vingine." Akanirudishia leso. "Huyu nataka aingie amesimama."

Nikafunga boneti.

Siku ya harusi ndoa ilifungwa Kwamsisi asubuhi, na baada ya chakula tukaondoka: bi harusi katikati, mama yake dirishani, mimi kwenye usukani nikiwa na kanzu iliyonibana kwapani. Nyuma wanawake walianza kuimba kabla sijaweka gia. Tukaikaribia ile sehemu ya pori ambako kamba ya mjomba iliungua. Niliijua kwa sababu kila tukipita dada hunionyesha. Safari hii hakuonyesha kitu. Aliangalia mbele tu mpaka tukaipita, kisha akavuta ushungi wake ukakaa vizuri, akamwambia binti, "Kaa wima, utakunja nguo." Mshale wa joto ulikuwa umelala ulipolala tangu nyumbani.

Babu yake bwana harusi alikuja zamani kutoka Unyamwezi kukata mkonge, akabaki Mazinde. Wanyamwezi ni watani wetu sisi Wazigua, na mtani hakuachii upite bure siku kama hiyo. Tulipoingia kijijini, mkonge ukiwa huku na huku, tulikuta kamba ya katani imefungwa njiani toka mti hadi mti, na mbele yake shangazi wa bwana harusi ameshika kiuno.

"Zima gari!" alipiga kelele. "Tumesikia Wazigua mnaleta maharusi juu ya mkaa. Leo mmetuletea magunia mangapi?"

Watu wakaangua kicheko. Nilifungua mdomo nijibu kisomi, lakini dada alikuwa ameshakivuta kitasa juu na kushuka. Akazunguka nyuma, akatoa lile dumu la maji, akaliweka chini mbele ya shangazi.

"Hili tulilijaza nyumbani kwa ajili ya gari," alisema. "Lifungue. Likiwa limepungua hata kikombe, nitabeba mkaa wenu mwaka mzima."

Shangazi akafungua. Maji yalikuwa mpaka shingoni. Akainua macho, akanyoosha kiganja.

"Haya, tupeni basi tunywe. Tumesimama juani toka saa sita."

"Hamnywi. Mgeni wenu ana vumbi la Kwamsisi miguuni. Muosheni."

Bi harusi akashuka, akasimama wima kama nguzo ya simu, akavua viatu. Shangazi akainama huku akitukana kwa furaha ukoo wetu wote, wazima na marehemu, na akamuosha miguu kwa maji ya rejeta, vidole vyote, dada akimimina polepole ili yasiishe upesi. Vigelegele vilitoka pande zote mbili za kamba.

Baadaye, binti alipokwisha kuingizwa ndani, dada alikwenda kwenye ule mti, akaifungua kamba, akaikunja taratibu kwenye kiwiko kama wanavyokunja wenye kazi yao, akaja kunirushia dirishani.

"Weka nyuma ya kiti, mjomba wao," alisema. "Spea."