Siku Niliyokwenda Kuchagua Kompyuta Ndogo

Katika jengo tunaloishi Kileleshwa, maji huja siku mbili kwa wiki na kupandishwa kwenye tangi lililo juu ya paa. Ukimuuliza mlinzi, atakuambia "maji iko" hata bomba likiwa linakohoa hewa tupu. Mimi ni karani wa bima kule Upper Hill, lakini tangu utotoni mikono yangu hupenda waya. Nikaamua kuunda kifaa cha kunitumia ujumbe kwenye simu kila maji ya tangi yanapokaribia kuisha. Tatizo ni kwamba kule juu ya paa hakuna soketi. Kompyuta ya kukiendesha ilipaswa kuishi kwa betri.

Kwa hiyo Jumamosi moja asubuhi nilikuwa mjini, katika duka la vipuri vya elektroniki lililo kwenye kichochoro nyuma ya maduka ya vitambaa. Mwenye duka ni mama wa makamo kutoka pwani, mjane wa fundi wa redio, na kazi yote ya mumewe anaijua. Alinitandikia kitambaa juu ya kaunta akaweka kompyuta mbili. Moja ilikuwa na ukubwa wa kadi ya benki, nyingine ilitoshea ndani ya kiberiti.

"Hii kubwa ina akili nyingi, mwanangu," alisema. "Utaitia skrini, utaitia kamera, itakutii. Lakini haijui kulala. Na stima ikikatika ghafla, kadi yake ya kumbukumbu yaweza kuharibika."

"Na hii ndogo?"

"Hii ni kama mgeni mwenye adabu. Anakula kidogo, halafu analala."

Nilitaka kuona kwa macho yangu. Akaziunganisha, moja baada ya nyingine, na mashine ya kupimia umeme, sanduku la chuma la zamani lililokuwa zito kama jiwe la kusagia. Ile kubwa ilipowaka, mshale uliruka ukabaki juu. Ile ndogo iliusogeza kidogo tu, na ilipolala mshale ukarudi kwenye sifuri. Nikamwomba anilehemee pini zake. Akachomeka chuma cha kulehemu kipate moto, na mimi nikaanza kuchomoa waya za sanduku ili nimpe nafasi.

Hapo mwanamume mmoja akaingia mbio. Alirukia kaunta, akamwangukia mama, wote wawili wakagonga rafu, masanduku ya vipuri yakawamwagikia. Niliona mkono wake umeshika buibui la mama shingoni. Sikufikiri. Nilinyanyua lile sanduku la chuma kwa mikono miwili nikampiga nalo kichwani, juu ya sikio.

Sauti ya pigo haikuwa kubwa. Alilala kifudifudi, damu ikaanza kutambaa sakafuni.

Ndipo kelele za nje zilipofika mlangoni. Walikuwa watu labda thelathini, wengine na mawe, mmoja na nondo. Mama alikuwa wa kwanza kuelewa. Aliinuka, akavuta grili ya mlango na kutia kufuli, akasimama hapo akihema.

"Mathe, tupatie huyo," alisema yule mwenye nondo. "Ni mwizi wa simu."

"Humu dukani mwangu hauawi mtu."

Mwingine alimwona mtu aliyelala na sanduku mikononi mwangu. "Madam umefanya poa sana," akaniambia. "Sasa fungua tumalizie."

Nakumbuka sifa hiyo kuliko mawe yaliyofuata. Jiwe la kwanza lilivunja kioo cha kabati. La pili lilinipata begani. Wakaanza kuitikisa grili, saruji ikamwagika kutoka kwenye bawaba. Mama alikuwa ameishikilia kwa mikono yote miwili, naye mwenye nondo akaipenyeza katikati ya vyuma na kumpiga mkononi, mara mbili. Nilisikia mfupa ukivunjika. Mama hakulia. Aliita jina la Mungu kwa sauti ya chini, akaendelea kushikilia kwa mkono uliobaki.

Nilichukua kile chuma cha kulehemu, ambacho sasa kilikuwa moto kabisa, nikakikandamiza kwenye vidole vya yule mtu vilivyoshika grili. Nilikikandamiza nikihesabu moyoni. Harufu ya nyama yake iliingia dukani. Alipiga yowe, nondo ikaanguka upande wetu, na mimi nilitaka aendelee kuumia.

Kilichotuokoa ni msichana aliyeibiwa simu. Alipenya katikati ya umati, akachungulia, akatikisa kichwa. "Si huyu. Yule alikuwa na koti nyekundu."

Kelele zikakatika. Watu waliangusha mawe taratibu, kama wanaoweka mizigo, wakatawanyika. Yule niliyemchoma alibaki kidogo akiupuliza mkono wake. "Si mngesema," akanung'unika, kisha naye akaenda.

Tulimpeleka majeruhi kwa teksi hadi hospitali kubwa karibu na kazini kwangu, kichwa chake kikiwa mapajani mwangu. Njiani alizinduka kidogo. Alisema yeye ni mtunza bustani kwenye nyumba moja ya Lavington, na alikuja mjini kununua makasi ya kukatia ua. Alikimbia kwa sababu watu walikuwa wakimkimbilia.

Daktari aliuliza nani aliyempiga. "Ni watu," nilijibu. "Umati." Mama alikuwa ameketi kando yangu, mkono wake umefungwa kwa mtandio. Alinitazama, akatazama sakafu.

Wiki hiyohiyo nilirudi dukani nikanunua ile kompyuta ndogo. Mama alinifungia kwa mkono mmoja, mwingine ukiwa ndani ya plasta, wala hakunigusia habari ya hospitali. Niliipandisha juu ya paa, inafanya kazi vizuri. Majirani walinisifu.

Nilikuwa nikipita wodini na chupa ya uji kila jioni nikitoka kazini. Mfupa wa kichwa ulikuwa umepata ufa, na sikio la kushoto halikusikia tena. Jioni ya siku ya kumi na tisa nikashindwa kuendelea. Nilivuta kiti upande wake wa kulia.

"Lile jeraha la kichwa halikutoka kwa umati," nilisema. "Ni mimi."

"Najua," alisema. "Nilikuona ukinyanyua."

"Mbona hukumwambia daktari? Hata polisi walipokuja?"

Hakuwa na hasira usoni, na hilo lilinitisha zaidi.

"Kwenye teksi niliogopa utanishusha," alisema. "Hapa wodini, hakuna mwingine anayekuja kuniona. Mke wangu yuko mbali, na watoto wanasoma. Ningekutaja, nani angeniletea uji?"

Niliomba msamaha. Alisema amesikia, lakini hakusema amenisamehe. Kisha akaniomba nimsaidie kugeuka, kwa sababu akilalia upande ule wa jeraha kichwa kilikuwa bado kinamuuma.