Mpanga Abiria Alivyombana Mkwewe Kiti cha Katikati

Asubuhi, kituo cha teksi za kuchangia kinafoka. Barabarani magari yamegandana, honi zinajibizana, na mama mmoja mnene anasukuma abiria kama anayepakia magunia.

"We baba mwembamba, ingia katikati!"

"Mama, suti hii imepigwa pasi!"

"Huko ndani itapigwa tena bila mkaa. Ingia!"

Madereva humwita Mizani. Kazi yake ni kukusanya watu wanne wanaoelekea upande mmoja, wachangie gari. Wa kushuka kwanza hukaa mlangoni, mwembamba katikati, na waongeaji hawachanganywi na wenye usingizi.

"Ukipakia ovyo, foleni itakula mafuta na abiria watakula wewe," anasema.

Gari likijaa, dereva humpa chochote. Siku njema anarudi na unga na nyama. Siku mbaya, na miguu iliyovimba. Kwa chochote hicho amemlea binti yake peke yake, na leo jioni watu wanakuja kumposa. Ameomba Mungu asiwepo wa kuharibu.

Baba wa suti amekwisha kunjwa kando ya fundi aliyepakata cherehani. Mbele, mzee anakoroma. Bado abiria mmoja.

"Baba, nikushushe wapi?" dereva anauliza.

"Pale kwa kinyozi, nyumba ya mlango wa bluu. Naenda kumposea mwanangu. Nimewahi, nisije nikakwama njiani."

Mizani anashika mdomo. Mlango ule aliupaka rangi mwenyewe.

"Mama, umemkunja mkweo kama shuka!" dereva anaangua kicheko.

Kumshusha ni aibu, kumwacha afike peke yake ni aibu zaidi. Mizani anaingia mwenyewe, awe wa nne. Mlango unafungwa kwa msaada wa madereva wawili.

Yaliyofuata humo ndani, dereva ameyatangaza kituo kizima.

"Karibu nyumbani, mkwe," Mizani alisema, sauti asali tupu.

"Nyumbani baadaye, mama. Kwanza nikaribishe nipumue."

Kisha baba wa suti akauliza, "Na binti naye ana mdomo hivi?"

Mizani kudanganya hakujui. "Kanizidi."

Baba akacheka mpaka cherehani ikatikisika. "Afadhali! Mwanangu ni gari bovu. Asiposukumwa hatoki."

Posa imekubaliwa. Sasa Mizani anapanga magari ya harusi, na usingizi umempaa: bwana harusi ana mashangazi wawili wasiosemezana, na kila mmoja anataka gari la kwanza.

"Naomba tu siku hiyo tufike salama," anasema. "Foleni naiweza. Mashangazi ndio sijawapatia njia ya mkato."