Kipande cha Angani cha Mama Mkwe

Niliita serikali ije ichukue mtambo wa gongo wa mama mkwe wangu, nikiwaambia ni kipande cha chombo cha Wamarekani kilichoanguka kutoka angani. Hiyo ndiyo aibu yenyewe. Nimeitanguliza ili usikae unaisubiri. Watu wa Urambo wanaijua tangu zamani, na mpaka leo nikipita sokoni lazima kuna mmoja atatazama juu halafu ajikinge kichwa.

Ili unielewe, nianzie mwezini.

Mwaka ule watu walipotua mwezini nilikuwa kijana wa kubeba mizigo kwenye duka la Mhindi mmoja, Tabora mjini. Shule nilikuwa nimeiacha darasa la sita, au tuseme tuliachana, kila mmoja akaona mwenzake hamfai. Tajiri yangu aliweka redio juu ya kaunta, akaigeuzia mlangoni, watu wakajaa mpaka barabarani. Mzee mmoja Mwarabu, mwenye duka la jirani, akasema huo ni uongo, mwezi haukanyagwi.

"Shehe," tajiri yangu akamwambia, "babu yako naye aliambiwa hatafika Ujiji kwa miguu. Hakufika?"

Mzee akacheka, akaagiza chai, akakaa kuusikiliza uongo mpaka mwisho.

Mimi nilisikiliza nimesimama na gunia la chumvi begani. Taarifa ilipokwisha ndipo nikakumbuka kulitua. Tajiri yangu aliliona hilo, na gazeti lilipokuja akanikatia picha: mtu kavaa kama godoro, kasimama kwenye mavumbi, peke yake. Nilipooa nikaibandika ukutani juu ya kitanda. Mke wangu akasema hawezi kulala anatazamwa na mtu asiye na uso. Tukamhamishia sebuleni.

Baadaye ikaja amri ya kuhamia vijiji vya Ujamaa, na sisi tukahamia kijiji kimoja upande wa Urambo, kwenye tumbaku. Bwana aliyekuja kupima viwanja alikuwa na kamba na vigingi, na hakuuliza nani ni nani kwa nani. Nyumba zote zilipangwa mstari mmoja kama mabehewa. Ya kwangu ikaangukia ubavuni mwa nyumba ya mama mkwe wangu.

Kwa mila yetu hilo ni balaa. Mtu na mama mkwe wake hawaonani uso kwa uso, hawasemeshani, hawali pamoja. Mkikutana njiani, mmoja anaingia porini. Sasa ukiwa umetengwa naye na ua wa mabua tu, utaingia pori gani? Tukabuni utaratibu bila kukubaliana. Nikitaka kutoka asubuhi, nakohoa. Yeye akisikia, anabaki ndani. Akikohoa yeye, mimi nabaki. Kipupwe kikija na mafua ya kweli, hakuna aliyetoka mpaka jua limepanda.

Alikuwa mjane, mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na ndiye mkunga wa kijiji. Watoto wote waliozaliwa kwenye ule mstari wa nyumba walipita mikononi mwake.

Kazi yake nyingine ilikuwa kupika gongo, pombe iliyopigwa marufuku, huko mbugani, na kijiji kizima kilijua. Mimi peke yangu ndiye sikujua, tena si kwa ujinga tu. Kwetu hakuna mtu atakayekaa na wewe azungumzie mambo ya mama mkwe wako. Na hakuna atakayekukaribisha kinywaji alichopika yeye. Wenzangu wakipanga kwenda kunywa, nikitokea mimi wanaanza habari za mbolea. Nilidhani ni watu wanaopenda sana kilimo.

Jioni, hata hivyo, walikuwa wangu. Redio ilikuwa yangu, betri nilizianika juani zipate nguvu ya siku moja zaidi, na nilikuwa kiongozi wa kikundi cha elimu ya watu wazima. Tukishamaliza somo la vyoo na maji ya kuchemsha, nawatoa uani. Jua likishazama, kabla giza halijakolea, kuna siku utaona nyota inatembea. Haimetimeti, haina haraka, inakwenda zake kama mtu mwenye safari. Nikawaambia hizo si nyota, ni vyombo vilivyopelekwa na watu. Wakawa wanashindana nani ataiona kwanza. Rafiki yangu mrina asali, mwenye macho ya kufuata nyuki mmoja mpaka kwenye mzinga, alitushinda kila mara.

Nilipokuwa naeleza, nilikuwa naongeza sauti kidogo. Nilijua ng'ambo ya ua kuna mwanafunzi mmoja ambaye siwezi kumwita. Sikuwahi kumwona. Nilisikia tu mchi wake ukinyamaza kwenye kinu kila nilipoanza.

Halafu mwaka ule, vita ya Uganda imekwisha juzi juzi tu, redio ikatangaza kwamba maabara kubwa ya Wamarekani iliyokuwa ikizunguka angani inaanguka. Hamna mtu ndani, lakini ni kubwa kama nyumba, na hakuna ajuaye itaangukia wapi. Atakayeona kipande asikiguse, atoe taarifa. Kijiji kilishikwa na hofu. Mimi nilishikwa na furaha, Mungu anisamehe. Nilikuwa nimengoja zamu yangu tangu siku ya lile gunia la chumvi.

Siku waliyosema itaanguka, asubuhi nilikwenda kukata miti ya kujengea bani la kukaushia tumbaku. Nikapita njia ile ya zamani ya misafara, inayoteremka kwenye mbuga. Penye maji nikaona majani yameungua mviringo. Katikati kuna pipa jeusi limelala upande, limetoa bomba la shaba lililopindwapindwa kama utumbo. Na harufu kali, ngeni, ya kuwasha pua.

Nilivua kofia.

Nikarudi mbio kwa katibu wa kijiji. Aliweka kalamu chini. "Una hakika, ndugu?"

"Nimekiona kwa macho yangu."

"Na hakifanani na kitu chochote unachokijua?"

"Hakifanani."

Akakuna shingo. Mrina asali alikuwa hapo, akasema taratibu, "Ndugu yangu, hebu rudi ukakitazame tena. Tena ukitazame polepole."

Nikaona ni wivu. Katibu akisitasita, mimi nikadandia baiskeli mpaka Urambo, nikatoa taarifa mwenyewe kwa afisa mmoja pale. Akasema atakuja kesho, na akanipa mgambo wawili nitangulie nao wakilinde. Nilirudi na mgambo wangu nyuma kama bwana harusi. Njia nzima nilikuwa nafikiria nitavaa shati gani.

Jioni nikawa nimekaa uani nasugua kola. Ng'ambo ya ua, mama mkwe wangu akaanza kuongea na jogoo. Hivyo ndivyo mkwe anavyosema neno lisiloweza kusemwa: anamwambia kuku, na wewe unasikia.

"Wewe jogoo," akasema, "ukikuta kitu cha watu porini, kwa nini usiulize mwenyewe ni nani kabla hujawika? Sasa umewika mpaka Urambo. Haya. Mimi nitakwenda jela, na wewe utabaki na shati lako."

Jogoo hana shati.

Nikaingia ndani. Mke wangu alikuwa anabangua karanga, tumbo limefika kwenye magoti. Mimba ya kwanza ilitutoka. Hii ilikuwa ya pili, na mama yake ndiye aliyeilinda mwezi kwa mwezi, kwa dawa zake na mikono yake.

"Kile kitu ni cha mama?"

"Nilidhani unajua."

"Ningejuaje?"

Akafikiri. "Kweli," akasema. "Nani angekwambia." Akaendelea kubangua, halafu mikono ikasimama. "Wakimchukua, nani atanizalisha?"

Kwenda kukificha haikuwezekana, mgambo niliowaleta mwenyewe walikuwa wamekizunguka na moto wao. Nikawasha redio nipate kupumua, na redio ikanimalizia: maabara imeshaanguka, vipande vimeonekana Australia na vingine baharini.

Afisa alikuja kesho yake na Landrova. Kijiji kizima kilikuwa mbugani. Mama mkwe wangu alisimama nyuma kabisa, amejifunika kitenge kichwani, amenigeuzia bega kama inavyotakiwa. Ningeweza kusema nimekosea, si cha angani. Lakini kama si cha angani, swali linalofuata ni cha nani. Basi nikaamua kiwe cha angani, na kama ni kuchekwa, nichekwe mimi.

Afisa alikizunguka. Akainama, akanusa. "Ndugu, mbona kinanuka?"

"Huko juu wanatumia spiriti, ndugu afisa. Petroli inaganda kwa baridi."

"Inaganda," watu wakaitikia nyuma yangu, kama kwaya.

"Na huu udongo uliozibia hapa kwenye bomba?"

"Kimeanguka kwa nguvu. Kimezoa udongo."

"Kikauzoa kwenye tundu tu, ukazunguka vizuri hivi, na alama za vidole."

Mgambo mmoja akageuka pembeni kukohoa.

"Redio imesema kimeanguka Australia," afisa akasema.

"Kilikuwa kikubwa kama nyumba, ndugu. Kimedondosha vitu njiani."

Akanitazama, kuanzia kola niliyoisugua mpaka viraka vya magotini. Halafu akawageukia watu. "Kuna mtu hapa anakijua kitu hiki?"

Kimya. Hata watoto, ambao hutumwa chupa, walinyamaza.

"Mama, wewe wa kitenge. Unakijua?"

Mama mkwe wangu hakugeuka. Aliongea akitazama maji.

"Mimi sijasoma, baba. Lakini huyo mkwe wangu amesoma. Jioni anaeleza habari za huko juu, na mimi nikiwa kwangu huwa nasikiliza. Akisema kimetoka juu, kimetoka juu."

Miaka yote tuliyoishi ubavu kwa ubavu, sikuwahi kumsikia akinitaja. Na amesoma! Mimi, wa darasa la sita lisilokwisha, niliyeshindwa kutambua pipa. Nilitazama juu sana, kama anayetafuta kipande kingine, maana ningetazama chini machozi yangedondoka mbele ya mgambo.

Afisa alikizunguka tena. Mwisho akawaambia mgambo, "Pakieni. Hii ni mali ya Wamarekani."

Wakalipakia, pipa na bomba, wakalifunga kamba. Afisa alipokuwa anapanda gari aliniita pembeni, akasema kwa sauti ndogo, "Ndugu mtaalamu. Kikianguka kingine hapa, na wewe utapanda."

"Hakitaanguka, ndugu."

Hakikuanguka. Mama mkwe wangu aliacha kupika, akahamia kwenye karanga za kukaanga. Wanaume wa kijiji walinisalimia kwa huzuni kwa msimu mzima, na wakaanza kuongea habari za mbolea hata nikiwa sipo.

Haukupita muda uchungu ukamshika mke wangu, alfajiri. Nikakohoa, nikatoka, nikamwachia mama mkwe nyumba yangu yote, pamoja na yule mtu wa mwezini ukutani. Nikakaa nyuma ya ghala la mahindi, redio mapajani, imezimwa. Jua lilichomoza, likapanda, na mimi sikuona lolote la angani siku hiyo. Halafu nikasikia mtoto analia, sauti kali kama filimbi ya treni. Baada ya muda, kikohozi mlangoni. Nikajificha vizuri zaidi.

"Jogoo," akasema mama mkwe wangu, na sauti yake ilikuwa imechoka na laini, "una binti. Na mama yake anaendelea vizuri."

Nikajibu kwa kukohoa. Sikuwa na uwezo wa zaidi ya hapo.

Mrina asali alikuja jioni kutupongeza, na kibuyu cha asali. Nilimtolea mtoto uani. Akampokea kwa ile mikono yake yenye makovu ya nyuki, akamtazama usoni kwa muda, akamfunika vizuri upepo usimpige. Ng'ambo ya ua mchi ulikuwa umenyamaza.

"Mzuri," akasema. "Basi akue vizuri, ndugu yangu. Maana ametugharimu bomba zuri sana."