Baba, Paris na Posa Yangu

Vita vilikuwa vimekwisha, ndivyo tulivyoambiwa, na redio za Bunia zilitangaza kila asubuhi kwamba hali ni shwari. Mama hakuziamini; akisikia tu "shwari", anafunga mizigo. Sufuria zilishinda ndani ya gunia, nasi tukapikia kopo. Baba, muuza vipuri vya pikipiki aliyetuhamisha kutoka Butembo, akasema yametosha.

Akaagiza kutoka Uganda redio ya satelaiti, yenye kibao cha kuelekezwa angani. Kibao akakiweka juu ya paa la jiko, na redio nyingine zote akazipiga marufuku nyumbani.

Tangu hapo nyumbani ikasikika stesheni ya Paris tu, nasi tukawa watu wa Paris. Baba alijua barabara zipi za huko zimejaa magari, na aliwasikitikia madereva kwa dhati. Akisikia mvua inakuja huko, anamwita mama: "Anua nguo!" Jua la Bunia linawaka. Mama alianua bila ubishi, maana angalau Paris haikumfungisha mizigo.

Mimi nilikuwa na langu. Mchumba wangu, dereva wa lori, alikuwa amekwama kwenye matope kule Nia-Nia, simu haishiki, nami nilingojea wazee wake wa Mahagi waje kuniposa. Nilimpenda sana, sioni haya kusema. Jambo ambalo sikulijua ni kwamba wazee wale hawapeleki jambo la heshima kwa simu. Wanalipeleka redioni, lisomwe kama komunike, mji mzima uwe shahidi. Wakija wakakuta nyumba haikujiandaa, wanajua wamekataliwa, na wanageuza lori.

Wiki ile majirani walianza kumsimamisha baba njiani. "Muzee, profisia! Tulisikia mu redio!"

Baba akavimba kichwa. Alidhani wanampongeza kwa redio yake, kwa kuwa aliifungulia sauti mpaka barabarani. "Na bado," akawajibu. "Iko na chaneli mingi."

Jumamosi asubuhi, jirani yetu muuza maandazi akaleta viti vyake vya plastiki, kama watu wanavyoazimana mtu akipata wageni. Wengine wakamfuata na vyao. Baba hakuuliza. Aliona wamekuja kusikiliza, akavipanga safu safu, vyote vikitazama redio.

Saa sita lori likasimama mlangoni. Wakashuka wazee wa Mahagi, suti na vitenge, mbuzi na kreti za bia. Baba alikuwa juu ya paa la jiko na bukta, akigeuzageuza kibao. Mama alikuwa amesukwa nusu ya kichwa. Mimi nikakimbilia nyuma ya mlango na mapovu ya sabuni mikononi, na nilipomsikia msemaji wao, mjomba wa mchumba wangu, nikatamani ardhi inimeze.

"Muzee, komunike yetu mulisikia?"

Nilimwomba Mungu ili baba aseme uongo. Mmoja tu, mdogo.

"Hapana," akasema baba, akishuka kwenye ngazi. "Sikuisikia. Nilikuwa nasikiliza Paris."

Nikajua nimekwisha.

Mjomba akavitazama viti, akaitazama redio. "Paris yenyewe?" akauliza. "Na inasikika muzuri hivi?" Akavuta kiti cha mbele, akakaa. "Banasema nini?"

Wazee wote wakakaa. Baba akatafsiri, akaongezea na yake. Majirani, ambao walikuwa wameisikia komunike vizuri sana, wakaingia na masufuria ya sombe, bugali na samaki, wakapakua bila kuuliza. Kreti ya kwanza ikaisha. Mzee mmoja alitaka kujua kwa nini watu wa Paris hawanunui pikipiki, na baba akampa jibu refu lenye bei za vipuri vyote.

Nilikaa nyuma ya mlango mpaka miguu ikafa ganzi. Mwanzoni nilishukuru kwamba lori halikugeuka. Kisha nikakasirika. Walikuwa wamenisahau kwenye posa yangu mwenyewe!

Mama, upande mmoja mikia na upande mmoja msitu, akawapita wazee wote na kuchomoa waya.

"Mulikuya kuoa Paris," akauliza, "ao mulikuya kuoa mutoto yangu?"

Mjomba akakohoa, akainuka, akageuza kiti chake kuelekea mlango niliojificha nyuma yake. Kisha wengine wakageuza vyao, na baba akawa wa mwisho.