Meizhen, Mtunza Mihuri

Qiu Meizhen hakuwa mtu wa kuchezewa. Ujana wake ulikwisha kwenye kiwanda cha hariri, akibeba marobota yaliyowashinda wanaume, na kiwanda kilipofungwa akavuka mto na kuajiriwa mtaa wa Binjiang, katika ofisi ya mawakili na wahasibu. Siku hizo katika jiji lile la Hangzhou kampuni za pesa za simu zilikuwa zinazaliwa kila kukicha. Vijana waliozianzisha walikuwa na akili za ajabu kwenye kompyuta, lakini ukiwauliza habari za kodi au leseni wanakutolea macho. Ofisi ile ikawa ndiyo yaya wao. Iliwasajili, iliwakagulia hesabu, iliwaandikia mikataba, na walipogombana iliwaamua. Na kwa kuwa hakuna aliyemwamini mwenzake, iliwatunzia mihuri pia. Meizhen ndiye aliyekaa na sanduku la chuma.

Sasa wewe usiseme, ah, mhuri tu! Kule saini ya bosi bila ule mviringo mwekundu ni mchoro wa mtoto. Mwenye mhuri ndiye mwenye kampuni, na watu wazima wenye shahada zao wameng'oana meno kwa ajili yake. Bosi mmoja aliwahi kuruka kaunta auchukue wa kwake kwa nguvu. Meizhen alimfungia droo ya chuma kwenye vidole, akaifunga tena aliposikia anatukana. Mwingine alikula birika la chai ya moto shingoni. Wakili mkuu, Ouyang, alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu.

"Dada Qiu, wewe ni mbwa mkali kabisa."

"Mbwa analishwa nyama," Meizhen alimjibu. "Mimi niongezee mshahara."

Duniani alikuwa na mtu mmoja tu, mdogo wake Baolin. Mama yao alifariki Baolin akiwa bado hajaota meno. Meizhen alimlea, akamlisha, akamchapa, akamtafutia na mke, mke mwenyewe akakimbia. Baolin alikuwa jitu la mtu, kifua kama mlango, lakini kichwani mwepesi jamani, mwepesi! Ukimsifia viatu anakupa na soksi. Alikuwa mlinzi mlangoni kwa bosi mmoja aitwaye Teng, mwenye kampuni ya kukopesha watu kwa simu. Kampuni hiyo ilikuwa mteja wa ofisi ya Meizhen, na mhuri wake ulilala katika sanduku lake.

Jumapili moja Baolin akaja kula kwa dada yake amevaa suti mpya. Meizhen alikuwa amepika nyama ya nguruwe ya kuchemshwa na mvinyo, ile anayoipenda.

"Dada, mwangalie bosi," Baolin akasema, akijigeuza mbele ya meza. "Bosi Teng ananiandikisha mkuu wa kampuni kisheria. Jina langu! Qiu Baolin! Litakaa juu kabisa kwenye cheti."

Meizhen aliweka vijiti chini. Halafu akamwasha kofi lililosikika kwa jirani.

"Mjinga wewe! Wahasibu wetu wamekataa kusaini hesabu za huyo Teng. Kampuni imeoza, anatafuta pa kutokea. Hao wakuu wa suti nimewaona mimi! Dereva, mpishi, mjomba kutoka shamba. Siku kampuni ikianguka bosi yuko ng'ambo anaota jua, na mwenye jina kwenye cheti anavishwa pingu. Miaka kumi, Baolin! Utatoka huko huna meno."

"Unanionea wivu."

"Mimi?"

"Ndiyo, wewe! Maisha yako yote umekuwa mkubwa, na mimi mtoto. Sasa nimepata, moyo unakuchoma."

Akasukuma meza, mchuzi ukamwagika wote, akatoka na suti yake. Alikuwa amevishwa kilemba cha ukoka, na kimemkaa vizuri kichwani.

Lakini karatasi ya kumfanya mkuu ilihitaji mhuri, na mhuri hautoki sandukuni mpaka wenye kampuni wote wawili wawepo. Mwenzake Teng aliyeitwa Luo aliinusa harufu akakataa katakata kuja. Basi Teng akaona njia ya mkato. Akamwambia Baolin, nenda kwa dada yako, atakupa tu, na asipokupa nenda na wenzako.

Wakaja saa ya chakula cha mchana, ofisi tupu, Meizhen peke yake na kopo lake la wali. Walinzi wawili, na Baolin mbele.

"Dada, nipe mhuri."

"Nitakupa hiki." Akamtupia kopo usoni, wali na kila kitu.

Mlinzi wa kwanza aliruka kaunta. Meizhen alimpokea na mtungi wa kuzimia moto, akamchapa nao gotini, mfupa ukalia, jamaa akaanguka anapiga mayowe. Wa pili alimkaba kwa nyuma. Akamkanyaga, akampiga puani kwa kisogo, damu ikaruka mpaka kwenye ukuta mweupe wa ofisi ya watu. Huku nyuma Baolin alikuwa anagonga kufuli la sanduku kwa nyundo. Lilipovunjika Meizhen alijirusha, akauwahi ule mhuri wa Teng, akaufumbata mkono wa kulia na kujilaza juu yake kifudifudi.

"Achia!"

"Sikuachii!"

"Dada, nitakuumiza!"

"Niue kabisa, pumbavu wewe! Niue, ndipo ukafungwe!"

Baolin alimgeuza kwa teke la mbavu. Meizhen akamrukia shingoni, akamng'ata sikio, na meno hayakuachia mpaka kipande kikabaki mdomoni. Baolin akalia kama ng'ombe. Kisha akamkalia kifuani, yule mtoto aliyebebwa mgongoni, akaushika ule mkono na kuanza kuufungua. Kidole kidogo kikavunjika. Cha pili kikavunjika. Meizhen anapiga kelele na hafungui.

"Umenilazimisha!" Baolin alikuwa analia machozi, damu ya sikio inamdondokea dada yake usoni. "Kwa nini unanifanyia hivi?"

Akavunja cha tatu, mhuri ukatoka.

Ouyang aliporudi alikuta watu wameshaondoka na sakafu inateleza. Aliuliza kwanza mhuri, ndipo akauliza mkono, na uso ulimshuka kwa haya alipojisikia.

"Tutalipa hospitali yote, Dada Qiu," akasema. "Ila polisi tusiwaite. Wateja wakisikia kwetu mihuri inaporwa, kesho watahamia jengo la pili."

"Teng atapeleka karatasi lini kwa msajili?"

"Kesho asubuhi. Hatuwezi kumwahi."

Meizhen alikuwa ameegemea ukuta, mkono ameuweka mapajani. Alikwishazifikisha kwa msajili karatasi za watu wengi sana. Alijua ni nani anayekataliwa pale dirishani. Mtu aliye mahabusu kwa kosa la jinai haandikwi mkuu wa kampuni yoyote. Akachukua simu kwa mkono wa kushoto, akawaita polisi.

Jioni hiyo wakamleta Baolin kituoni, sikio limefungwa bandeji. Afande alikuwa mtu wa makamo, mpole, amechoka.

"Mama, huyu ni ndugu yako wa tumbo moja," akasema. "Alipe matibabu, akuombe radhi, mkapikiane chakula. Ndivyo tunavyoyamaliza mambo ya ndugu. Ukikataa, vidole vitatu ni jela, si mchezo."

Baolin alipiga magoti. Hakuigiza. "Dada, nisamehe. Nipige. Nivunje na mimi vidole. Usinifunge tu, kesho ndiyo siku yangu."

Meizhen alimtazama, na kama kuna siku moyo wake ulipasuka ni hiyo. Angesema "nimemsamehe", wangetoka pamoja, na asubuhi Baolin angekwenda kwa msajili na suti yake. Akamtandika teke la kifua, Baolin akaanguka chali kwenye miguu ya afande.

"Mfungeni," akasema.

"Sina dada!" Baolin alipiga kelele wakimburuta. "Umekufa leo! Nikitoka nakuzika!"

Teng hakuhangaika, mhuri alikuwa nao tayari. Alimwandikisha dereva wake, mtu wa mkoa wa Anhui mwenye watoto wawili. Baada ya mwaka mpya kampuni ikaanguka, Teng akawa hajulikani alipo, na dereva alichukuliwa na pingu mbele ya watoto wake. Meizhen aliisikia habari ile ofisini akaenda kutapika. Usiku hakulala, alimwona yule mtu, alijua ni yeye mwenyewe aliyemwachia nafasi ya Baolin.

Baolin alitoka kiangazi. Alikuja moja kwa moja kwa dada yake, hakubisha hodi. Aliupiga mlango teke la kwanza, la pili, bawaba zikaanza kung'oka, anamtukana kwa majina yote majirani wakasikia. Meizhen alisimama ndani, paji la uso kwenye ubao unaotetemeka, vidole vyake vilivyopona vibaya vimeshika komeo, na alikuwa anacheka na kulia kwa pamoja.

"Piga, mdogo wangu," akasema. "Piga tu. Uko nje."