Fundi Aliyeng'oa Mguu wa Ndege

“Ta Nathanieli, ulijuaje kwamba ingevunjika?”

Nilimuuliza hivyo nikiwa darasa la tano, nimesimama kwenye mpaka wa kibanja chetu cha migomba na chake, Kitendaguro, juu ya mji wa Bukoba. Alikuwa anashindilia udongo kwa miguu juu ya kaburi la mama yake. Baba alikuwa amenikataza kumsalimia. Kumuuliza swali hakunikataza, au ndivyo nilivyojifariji. Ta Nathanieli aliinua uso, akanitazama kama mtu aliyeitwa kwa jina la mwingine, kisha akaendelea kushindilia.

Tangu siku ile nimewauliza habari zake watu wengi, mpaka mama akasema nitaishia kuwa karani wa mahakama. Haya ndiyo niliyoyapata.

Nathanieli Mutembei alikuwa mtoto pekee wa Ma Anatolia; kwetu mtu mzima huitwa kwa heshima, Ta kwa mwanamume, Ma kwa mwanamke. Baba yake alikufa mapema. Walutheri wakamsomesha ufundi wa magari, na kutoka kwenye magari akaingia kwenye ndege huko Nairobi. Alirudi Bukoba mwaka wa Uhuru akiwa na ovaroli ya bluu na sanduku la spana ambalo hakuruhusu mtu kuligusa. Wazee walimwita nyumbani kwao, wakampa akamwani, ile kahawa ya kutafuna tunayompa mgeni wa heshima, wakamwomba awaonyeshe mikono iliyoshika ndege. Alipomwoa Kokugonza, watu walikuja kutoka mpaka Nyanga. Baba yangu, Byabato, ndiye aliyekuwa mpambe wake. Walikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, kwenye kibuyu kimoja.

Kazi yake ilikuwa kuitunza ndege moja ya injini mbili, mali ya kampuni ndogo iliyokuwa na meneja wake Mwanza. Ndege hiyo ililala uwanjani Bukoba, pale chini kando ya ziwa. Ilibeba barua, wanunuzi wa kahawa, na mara nyingine wagonjwa. Rubani alikuwa Mzungu, lakini hakuweza kuirusha mpaka Nathanieli aweke sahihi kwamba ni salama. Jambo hilo liliwafurahisha sana watu wa Kitendaguro. Walisema sahihi ya Mhaya ndiyo inayompandisha Mzungu mawinguni.

Masika ya mwaka 1968 ikaja amri kutoka kwa wakaguzi wa ndege, Nairobi. Katika nchi nyingine, ndege za aina ile zilikuwa zimeanza kuketi vibaya: ndege inatua salama, inakimbia kidogo, halafu pini zenye ufa zinakatika, mguu mmoja wa magurudumu unakunjika, bawa linaburuzika chini, petroli inawaka. Basi ikaamriwa kwamba kila ndege ya aina ile, hata isiyo na dalili yoyote, itolewe zile pini zinazoshika mguu, iwekewe pini nene zaidi, na pale mguu unapoungana na bawa liongezwe bamba la chuma. Mpaka hayo yafanyike, isiruke.

Nathanieli aliwaeleza wenzake kwenye rubisi.

“Hata kama ni nzima?” baba akamuuliza.

“Hata kama ni nzima.”

“Kwa hiyo mtu mwenye meno mazima anang'olewa, kwa sababu jirani yake ana meno mabovu?”

Walicheka mpaka mwenye nyumba akatoka kuuliza kuna nini. Nathanieli naye alicheka. Vifaa vipya viliagizwa, na ndege ikakaa uwanjani ikivisubiri.

Kabla havijafika, Georgina akaugua.

Georgina alikuwa mwalimu wa darasa la kwanza, binti wa Ta Lwakatare. Mimi alinifundisha kusoma. Alikuwa na sauti ndogo, na mtoto aliyekosea alimpa kazi ya kupangusa ubao kama zawadi, hivyo wote tulitaka kukosea. Baba yake, Ta Lwakatare, alikuwa mwenyekiti wa chama chetu cha kuzikana. Kwetu mtu anaweza kukosa shamba, akakosa ng'ombe, akaishi. Akikosa chama cha kuzikana, hana watu. Ndicho kinachochimba kaburi, kinachopika msibani, kinachokaa na wafiwa.

Tumbo la Georgina lilivimba na kuwa gumu kama ngoma. Daktari alisema utumbo umejisokota, apasuliwe haraka. Mpasuaji alikuwa safarini, na wa karibu alikuwa Mwanza. Meli ilikuwa imeondoka jana yake. Barabara ya Biharamulo ilikuwa matope matupu. Na ndege ilikuwa pale uwanjani, watu wanaiona kutoka mlimani, inang'aa baada ya mvua.

Wanaume walimbeba kwa machela mpaka uwanjani, baba akiwa mmoja wao. Wakamweka kwenye nyasi, kivulini mwa bawa.

“Nathanieli mwanangu,” Ta Lwakatare akasema, “tulipomzika baba yako, mimi ndiye niliyemshika mama yako asianguke kaburini. Weka sahihi.”

“Ta Lwakatare, siwezi. Imekatazwa kuruka.”

“Imekatazwa na nani? Hao wa Nairobi wanamjua Georgina?”

Rubani naye akaja, kofia mkononi. “Safari moja tu, Nathanieli. Nitaigusisha chini kama naweka yai.”

Wakapiga redio Mwanza. Meneja akajibu kwamba kwa safari moja hana pingamizi, ila fundi ndiye mwenye sahihi. Watu wakashangilia, wakadhani yamekwisha.

“Ndani watakuwa mgonjwa, rubani, muuguzi na wewe baba yake,” Nathanieli akasema. “Siweki.”

“Anataka kitu huyo!” mwanamke mmoja akapaza sauti. “Mpeni anachotaka!”

“Ameona wivu! Georgina alimkataa ndugu yake!”

Nathanieli hakuwa na ndugu. Lakini nani alikuwa anahesabu siku ile.

Akaondoka, akaingia kwenye banda. Watu walidhani amekwenda kuchukua kalamu. Akatoka anaburuta jeki. Akainua ndege upande wa kulia, akalala chini yake kwenye nyasi zenye maji, akaanza kufungua. Baba anasema hakuna aliyeelewa anachokifanya mpaka mguu mzima wa ndege, na gurudumu lake, ulipotoka na kulazwa chini kama paja la ng'ombe.

“Sasa hairuki,” akasema. “Hata nikitaka. Pini zikishatoka hazirudi, mpaka zije mpya.”

Georgina akafumbua macho, akaliona bawa juu yake.

“Tata,” akamwambia baba yake, “tumeshapanda?”

Ta Lwakatare alimjibu kwamba ndiyo, wameshapanda.

Walimpakia kwenye lori la kahawa, wakashika njia ya kusini. Alikata roho kabla ya kufika Muleba, na lori likageuza.

Siku ya msiba Nathanieli alikuja na mkungu wa ndizi begani, kama afanyavyo kila jirani. Akaketi pembeni ya mkeka. Kikapu cha akamwani kilikuwa kinapitishwa mkono kwa mkono. Kilipofika kwake, aliyekuwa kabla yake alinyoosha mkono mbele ya kifua cha Nathanieli, akampa kikapu aliyekuwa baada yake. Aliyefanya hivyo alikuwa baba yangu. Mkungu wake ulitolewa, ukawekwa katikati ya barabara, na mbuzi wakaula.

Chama kilikaa kumhukumu baada ya matanga. Wakati huo vifaa vipya vilikuwa vimefika, na ndege ilikuwa imetengenezwa na yeye mwenyewe, inaruka kila siku juu ya vichwa vyetu.

“Tuonyeshe basi huo ufa,” Ta Lwakatare akasema. “Zile pini za zamani zilete hapa, tuone zilivyopasuka. Tukiona ufa, nitakupigia magoti mbele ya watu.”

“Zimepelekwa Nairobi. Ndiyo sheria.”

“Nairobi!” Watu walicheka. “Nairobi wamesemaje?”

“Hawajajibu.”

“Basi tusubiri barua. Na Georgina naye tumpeleke Nairobi wakampime?”

Hukumu ikawa kutengwa. Asisalimiwe. Asipewe moto wala chumvi. Asiuziwe, asinunuliwe kitu. Atakayeingia kwake atatoa mtungi wa rubisi kwa chama, na akirudia, atatengwa pamoja naye. Kabla ya Krismasi kampuni nayo ikamwachisha kazi. Meneja alisema hapendi fundi anayebishana na redio.

Kokugonza, mkewe, alienda kuteka maji wakati wenzake wamesharudi. Wanawake walikuwa wakimwachia tope kisimani kwa makusudi, wakikoroga kwa mti kabla ya kuondoka. Niliwaona. Walikuwa wanaimba wimbo wa kanisani.

Mwaka 1971 Ma Anatolia akafa. Alikuwa mwanachama mwaminifu. Alikuwa amelia kwenye misiba ya watu wote wa mlima ule, na wengine walitumaini kwamba kwa ajili yake chama kingelegeza. Nathanieli alipiga yowe la msiba mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na wa kumpigia. Kwetu mfiwa hachimbi kaburi. Ni aibu isiyosemeka. Mfiwa hukaa, watu wakachimba. Yeye alikaa asubuhi yote mlangoni, akingoja kusikia majembe.

Majembe yalikuja. Wanaume wa chama walitokea barabarani, kila mmoja na jembe lake, baba akiwa katikati. Nathanieli akasimama. Wakapita. Walikuwa wanakwenda Nyanga, kuchimba kaburi la mzee ambaye wengi wao hawakumjua.

Wa mwisho katika mstari alikuwa Ta Lwakatare. Alisimama kidogo penye lango.

“Pole,” akasema. “Tungekuja. Lakini imekatazwa.”

Akawafuata wenzake. Baba aliposimulia hilo jioni alijaribu kucheka, kisha akasukuma sahani yake.

Nathanieli na Kokugonza wakachimba wenyewe. Mchungaji alipofika alikuta shimo linafika magotini. Akafunga kitabu, akaketi chini ya mgomba, akangoja.

Ilikuwa baada ya hapo ndipo nilipomuuliza swali langu, na hakunijibu.

Halafu ikaja Operesheni Vijiji. Kitendaguro hatukuhamishwa, vibanja vyetu vilikuwa vimeshasongamana kama kijiji. Lakini wenyeviti waliombwa kutoa watu wa kwenda kujenga Ngenge, mbali huko wilayani Muleba, kwenye nyika. Ta Lwakatare, ambaye sasa alikuwa mwenyekiti wetu hata serikalini, alisema kijiji kipya kinahitaji mafundi. Ndilo jina pekee alilolitoa. Vijana walipakia kitanda na sufuria kwenye lori, na lile sanduku la spana wakalirusha juu kama gunia. Nathanieli aliomba nafasi aage kaburi la mama yake. Dereva alikuwa ameshawasha injini.

Kibanja alipewa mpwa wa Ta Lwakatare.

Mwaka huu, 1976, niko kidato cha tatu. Shule yetu ilipelekwa Ngenge kuvuna shamba la kijiji, na nilipoambiwa jina la mahali nilishindwa kulala. Ngenge ni tambarare, jua linapiga bila mgomba wa kulizuia. Nilimkuta kwenye kibanda cha mashine ya kusaga, amekonda, ovaroli imekuwa viraka vitupu.

“Wewe ni mtoto wa Byabato,” akasema kabla sijafungua mdomo. “Yule wa maswali.”

“Shikamoo, Ta.”

“Unanisalimia?”

“Huku hakuna aliyenikataza.”

Aliitikia. Kokugonza alinipa kigoda na kikombe cha uji, akaniuliza habari za mama, za kisima, za fulani na fulani, kana kwamba hakuna aliyewahi kumkorogea maji. Ta Nathanieli aliuliza jambo moja tu.

“Kaburi la mama likoje?”

Niliwaza kudanganya. Nilipomtazama nikashindwa. “Wamepanda maharage. Mpaka juu yake.”

“Yamestawi?”

“Ndiyo, Ta.”

Akatikisa kichwa polepole, akarudi kwenye mashine. Nilimwambia kwamba mwalimu wetu wa fizikia ametufundisha kuwa chuma huchoka, kwamba hupasuka ndani kwa ndani na jicho lisione. Nilidhani nampelekea zawadi. Nilitaka aseme ndiyo, ndivyo ilivyokuwa, ili nirudi nyumbani nikamwambie baba. Hakusema. Basi nikamuuliza tena, kwa maneno yale yale ya mpakani mwa kibanja: alijuaje kwamba ingevunjika?

Alizima mashine ili nisikie.

“Sikujua, mwanangu. Nilipozichomoa zile pini nilizifuta kwa mafuta ya taa, nikazigeuza juani. Zilikuwa nzima, zinang'aa kama zimetoka kiwandani jana. Na niliposema hazirudi, nilidanganya. Zingerudi. Georgina alikuwa bado anapumua pale kwenye nyasi, rubani ameshavaa kofia yake, na mimi jicho langu linaniambia itafika. Lakini amri ilisema zibadilishwe, haikusema fundi azitazame kwa jicho lake kisha aamue. Nikazitia mfukoni.”