Gari Tupu la Lodi Averstone

"Hivi wewe Dorcas, ulipata wapi ujasiri wa kulifukuza gari la Lodi, na jeneza liko mlangoni?"

Bi Hobday aliniuliza hivyo penye bomba la maji, watu wakisikia. Siku ile nilibeba ndoo yangu nikaenda zangu. Leo namjibu.

Keturah Pym alikuwa yaya katika jumba la Averstone miaka ishirini na sita. Mimi nilikuwa mfuaji nguo wa jumba hilohilo. Bwana mkubwa alikuwa waziri. Maisha yake yalikuwa London, Bungeni, na ya mkewe yalikuwa kwenye karamu. Walipokuwapo jumbani, mtoto wao Everard alichanwa nywele kila siku, akateremshwa sebuleni saa kumi na moja jioni akawaone wazazi kwa nusu saa, kisha akarudishwa juu. Saa zote zilizobaki alikuwa wa Keturah. Alipopatwa na kifaduro, ni Keturah aliyempakata siku tisa, mvuke wa birika la kumfukizia ukimbabua yeye mkono.

"Yaya, nikiwa mkubwa nitakujengea nyumba tukae wote."

"Utakaa na kibogoyo?"

"Nitakununulia meno."

Akakua, akarithi cheo cha baba yake cha Lodi na kiti Bungeni. Magazeti yalisifu hotuba zake juu ya wazee maskini. Nyumba alimpa kweli, jirani na yangu, siwezi kumsingizia. Ila hakuikanyaga. Kila Agosti Bunge likifungwa alirudi jumbani, maili mbili tu kutoka kwetu, na Keturah akamwokea keki ya mbegu za kisibiti, akatandika kitambaa cheupe. Aliyekuja ni mtumishi, amebeba bata bukini, au blanketi, na mwaka mmoja picha ya Lodi mwenyewe kwenye fremu. Keki tuliila sisi wawili baada ya ibada.

Kisha Silas akafa, kaka yake Keturah, aliyelima bustani za jumba mpaka mgongo ukapinda. Kama wafanyavyo wakubwa, Lodi alituma gari lake lifuate jeneza kwa niaba yake: farasi wawili weusi, mapazia yameshushwa. Kijiji kizima kikanong'ona kwa fahari. Keturah akatoka kwenye msafara, akafungua mlango wa gari, akachungulia ndani.

"Lodi hayumo, Bi Keturah," dereva akamwambia kwa sauti ya chini. "Hii ndiyo heshima yenyewe."

"Heshima ya nani, Jabez? Ya viti?"

Wengine walicheka. Mimi niliuona uso wake, sikucheka.

Novemba iliyofuata akalala kitandani, asiinuke tena. Nilimwandikia Lodi kwa mkono wangu, nikijua yuko jumbani na wageni wake wa kuwinda. Bunduki zao tulizisikia tukiwa chumbani. Mtumishi akaleta zabibu na ujumbe kwamba Lodi atakuja akipata nafasi. Wiki tatu Keturah alinituma dirishani kila aliposikia kwato.

"Nani huyo?"

"Muuza maziwa."

"Basi usifunge pazia."

Zabibu zilioza kwenye sahani. Hakutaka nizitupe.

Alikufa Jumanne. Siku ya mazishi gari likaja, mapazia yameshushwa. Nilifungua mlango wake kama alivyofanya yeye, nikaona viti. Nikasimama mbele ya farasi.

"Una wazimu, mama?" Jabez akasema. "Nitamwambiaje Lodi?"

"Mwambie lilikuwa tupu."

Akageuza. Wiki ileile nguo za jumba zikapelekwa kwa mfuaji mwingine, na hata kanisani wapo waliohama kiti wasikae nami. Nimemwomba Mungu aniondolee uchungu huu, bado hajaniondolea. Lakini, Bi Hobday, ule haukuwa ujasiri wangu. Niliagizwa. Jumatatu, siku moja kabla hajafa, Keturah alinishika mkono akasema:

"Dorcas, akija mwenyewe, hata akichelewa, mpe kiti karibu yangu. Akileta gari tupu, lirudishe."